Kununua sampla ya zamani: mwongozo kwa anayetaka mashine ya kugusa kwa mikono

Sampla ni mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga upya kama ala. Yangu ya kwanza haikumaliza dakika moja mezani. Ilitoka Japani, imeviringishwa kwa plastiki ya mapovu, safi utadhani imetoka kiwandani wiki ile. Nikaichomeka ukutani, kioo kikawaka, nikaita watu wa nyumbani waje washuhudie, na kabla hawajafika chumbani ikatoa ile harufu ambayo kila fundi redio anaijua. Nyuma, pembeni ya tundu la waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo: volti 100. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuihusu, sauti yake, historia yake, majina ya waliowahi kuitumia. Kibandiko sikukisoma.

Haya nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningetamani mtu anipe kabla ya siku ile. Yanamhusu anayetafuta mashine ya kweli iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama unachotaka ni ile sauti chafu ya zamani tu, programu za kompyuta siku hizi zinaikaribia sana na hazidai fundi wala flopi, zile diski za plastiki za kompyuta za zamani. Mashine anunue yule anayetaka kubadili namna anavyofanya kazi, kwa sababu hicho ndicho kitakachobadilika hasa.

Hatua ya 1: Chunguza mikono yako

Usiku mmoja tengeneza mdundo kama ulivyozoea, huku ukijitazama kama unamtazama mtu mwingine. Unagonga ngoma kwa vidole au unazichora kwa kipanya? Unaanza na kiki (ngoma ya besi) na snea, au unaanza na kipande cha santuri halafu ngoma zinafuata? Ukikwama, mkono unakwenda kwenye kinanda au kwenye kikombe cha chai? Majibu yako yatakuelekeza kwenye mojawapo ya koo tatu za sampla.

Ukoo wa kwanza ni wa pedi. Hapa ziko MPC za Akai na SP-1200 ya E-mu. Mashine moja inarekodi sampuli, yaani vipande vya sauti, inazipanga kwenye pedi za kugongwa, na ndani ina sikwensa, yaani kile kinachokumbuka ulichogonga na kukirudia. Mdundo mzima unakamilika bila kompyuta kuwashwa. MPC ya kwanza, MPC60 ya mwaka 1988, ilibuniwa na Mmarekani Roger Linn kwa ajili ya Akai ya Japani, naye alikuja na kitu alichokwisha kukitumia kwenye mashine zake za ngoma za mwanzoni mwa miaka ya 1980: swingi. Katika kila jozi ya noti za kumi na sita (zile zinazoingia nne kwa kila pigo), ya pili inacheleweshwa kidogo. Asilimia 50 maana yake noti zote zimekaa sawasawa. Ukifika asilimia 66 umeingia kwenye mgawanyo wa tatu-tatu. Utamu uko katikati, kwenye 54, 58, 62. Aliyekulia Pwani na chakacha masikioni hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Azungushe namba mpaka bega litikisike lenyewe.

Ukoo wa pili ni wa raki: masanduku marefu ya chuma yasiyo na pedi hata moja. Akai S900 ilitoka mwaka 1986, S950 na S1000 zikafuata mwaka 1988. Hazina sikwensa, kwa hiyo unahitaji kinanda cha MIDI, yaani kinachotuma amri kwa mashine nyingine kupitia waya, au kompyuta ya kuziamuru. Watu hawazipigii picha za kujionyesha, na kwa sababu hiyo mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko ndugu zao wenye pedi, ingawa sauti imepikwa jiko moja.

Ukoo wa tatu ni wa vinanda, na mfalme wake kwangu ni Ensoniq ASR-10 ya mwaka 1992. Mpigaji wa kinanda atajisikia nyumbani. Unarekodi sekunde mbili za fidla, unaitandaza kwenye vibonye vyote, unapiga. RZA wa kundi la hip hop la Wu-Tang Clan alifanya kazi nyingi kwa vinanda vya Ensoniq, na ukisikiliza zile sauti zake za nyuzi zilizopotoka kidogo utaelewa ni kwa nini.

Ukikuta mikono yako inaanguka kwenye ukoo wa kwanza, usinunue raki kwa kuwa ni ya bei nafuu. Itakaa miezi mitatu kisha utaiuza kwa hasara. Nimeona hivyo mara nyingi.

Hatua ya 2: Elewa unanunua mipaka gani

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo penye kila kitu. Sampla ya zamani inapendwa kwa sababu ya vile isivyoweza kufanya. Kwa hiyo ijue mipaka kwa namba, kisha ujiulize kama unaweza kuishi nayo.

Namba ya kwanza ni biti, na hapa sisemi ile biti ya kugonga studio. Ni idadi ya tarakimu ambazo mashine inatumia kupima ukubwa wa sauti kila inapoipima. Biti 12 hutoa ngazi 4,096. Biti 16 hutoa 65,536. Ngazi zikiwa chache, sauti ndogo ndogo huchakaa, zinapata kama mchanga chini yake. Ngoma hupendeza zikiwa na mchanga. Sauti ya mwimbaji wa taarabu aliyeshusha pumzi mwishoni mwa ubeti, sina hakika.

Namba ya pili ni kasi ya kupima. SP-1200 hupima mara 26,040 kwa sekunde, na kanuni ni kwamba sauti ya juu kabisa inayoweza kushikwa ni nusu ya kasi hiyo. Kwa hiyo juu ya kilohezi 13 hivi hakuna kitu. Matoazi yanapoteza ncha, snea inapata kifua. CD na sampla nyingi za biti 16 hupima mara 44,100.

Namba ya tatu ni memori, na hii ndiyo itakayokupiga kofi. Hesabu ni rahisi: kwa biti 16 na kasi ya 44,100, kila sekunde ya mono inakula baiti 88,200. Mashine yenye megabaiti 2, kiwango ambacho S1000, ASR-10 na MPC2000XL zilitoka nacho kiwandani, inabeba karibu sekunde 24 tu za mono. Ya stereo ni nusu ya hapo. Ukiijaza MPC2000XL mpaka mwisho wake, megabaiti 32, unapata dakika 6 na sekunde 20 za mono, na hizo kwa mdundo mmoja ni nyingi kupita mahitaji. SP-1200 yote kwa jumla ina sekunde 10, na sampuli moja haiwezi kuzidi sekunde 2 na nusu. MPC60 isiyoongezwa memori ina sekunde 13 na kidogo.

Maprodyuza wa hip hop wa New York walivyozikwepa sekunde 2 na nusu ni hadithi inayostahili kusimama kidogo, kwa sababu ndiyo iliyozaa ile sauti. Walichukua santuri ya kasi ya 33, wakaichezesha kwa 45. Muziki unapita haraka mara 1.35, kwa hiyo kwenye zile sekunde 2 na nusu zinaingia karibu sekunde 3.4 za wimbo. Kisha ndani ya mashine waliishusha nusu-toni tano na kidogo mpaka irudi mahali pake. Mashine inaposhusha sauti namna hiyo haina akili ya kulainisha. Inarudia vipimo vilevile, na pale panazaliwa mlio fulani wa bati, kama kengele iliyofunikwa kwa kitambaa. Walikuwa wakibana memori tu. Leo watu wanalipa maelfu ya dola kwa ajili ya ule mlio.

Sasa tatizo letu. Santuri nyingi za zamani utakazookota Nairobi, pale Kenyatta Market au kwenye masanduku ya wazee, ni zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, na zile ni za kasi ya 45 tayari. Huna pa kuzikimbizia, isipokuwa gramafoni yako ina kasi ya 78. Technics SL-1200MK2, ile ya madijei, haina. Ina 33 na 45 pamoja na kitelezi cha kuongeza au kupunguza asilimia 8. Ukipata gramafoni yenye 78 unapanda mara 1.73, na sekunde 2 na nusu zinabeba sekunde 4.3 za benga. Lakini kurudi chini ni nusu-toni tisa na nusu, mbali sana, na utakachokipata kitakuwa kimechakaa kupita kiasi cha wengine kupenda. Njia ninayoitumia mimi ni kurekodi santuri kwenye kompyuta kwa kasi yake, kuikimbiza huko kwa kiasi ninachotaka, kisha kuipiga kuingia kwenye sampla. Wenye itikadi kali watanuna. Sikio halijui.

Na kile kipande kina wenyewe, wenye utunzi na wenye rekodi, mara nyingi watu wawili tofauti. Ukifika mahali pa kuuza, ofisi za hakimiliki, KECOBO ya Kenya au COSOTA ya Tanzania, ndipo pa kuanzia kuulizia.

Hatua ya 3: Chagua mashine, si jina

Sitataja zote. Nitasema zile ninazoweza kumshauri mtu akiwa amekaa mbele yangu na pesa mfukoni.

SP-1200, ya mwaka 1987, usiianze nayo. Naipenda, na prodyuza Pete Rock peke yake anatosha kueleza kwa nini watu wanaililia, lakini bei imepanda mpaka imeacha kuwa chombo na kuwa kitega uchumi. Zaidi ya hapo, vichujio vyake vinategemea chipu za SSM2044 ambazo kuzipata halisi ni shida, na atakayekuuzia anajua huwezi kufungua ndani kukagua kabla hujalipa. Mwaka 2021 Dave Rossum, mmoja wa waanzilishi wa E-mu, alianza kuitoa upya. Nayo pia si ya mtu anayeanza.

Ukitaka sauti ya jirani yake, tazama S950. Ni biti 12, kasi ya kupima unaichagua mwenyewe mpaka 48,000, na ina kichujio kinachokata sauti za juu vizuri sana. Mbinu ya enzi ile ilikuwa kuchukua kipande kilekile mara mbili: nakala moja unaiacha ilivyo, ya pili unaifunika kwa kichujio mpaka ibaki besi tupu inayonguruma chini. DJ Premier aliitumia pamoja na MPC60 kwa miaka. Kwa mtu ambaye tayari ana kompyuta na kinanda kidogo cha MIDI, naona hapa ndipo pesa inaponunua sauti nyingi zaidi.

MPC60 na MPC3000 ni mashine za kazi kwelikweli, nzito, zimejengwa kama jokofu. MPC3000 ya mwaka 1994 ni biti 16, memori mpaka megabaiti 16. Ile ya J Dilla imewekwa kwenye jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi huko Washington, na bila shaka jambo hilo halikushusha bei ya nyingine zote. Ukiipata kwa bei ya haki, chukua. Hutaipata kwa bei ya haki.

Kwa hiyo karibu kila mara ninaishia kuwashauri watu MPC2000XL, iliyotoka kuelekea mwaka 2000. Roger Linn hakuhusika nayo tena, na wapenzi wa mashine za mwanzo watakuambia haina kifua kama MPC60. Wana haki kidogo. Lakini pedi ni 16 zilezile, kukata sampuli vipande ni rahisi, vipuri vipo, skrini za kubadilisha zinatengenezwa mpaka leo, na zimetengenezwa nyingi kiasi kwamba ukikosa moja unasubiri nyingine. Angalia kama ndani ipo kadi ya matundu manane ya kutolea sauti. Nyingine zinauzwa bila hiyo, kwa hiyo uliza.

MPC1000 ya mwaka 2003 ni ya mtu asiyetaka kabisa habari za flopi. Inatumia kadi ya CompactFlash, ina USB, memori inafika megabaiti 128, na kuna mfumo wa kuibadilisha tabia, JJOS, ulioandikwa na mtu wa nje ya Akai. Wengine hawaihesabu kuwa ya zamani. Hesabu miaka mwenyewe.

Mwisho, zile ndogo za Roland na Boss. SP-303 ya mwaka 2001 ndiyo aliyoisifisha Madlib, na ina madoido matamu, hasa lile linaloiga santuri na lile linalobana sauti. Ila kadi zake ni SmartMedia, aina ambayo haitengenezwi tena, na kadi moja iliyochoka inaweza kuondoka na midundo ya mwaka mzima. SP-404 ya mwaka 2005 inatumia CompactFlash na inaweza kutembea kwa betri sita za kawaida, jambo ambalo ukiishi kwetu unajua thamani yake.

Hatua ya 4: Suluhisha habari ya flopi kabla ya kununua

Sampla nyingi za kabla ya mwaka 2000 huhifadhi kazi kwenye flopi. Flopi moja ya megabaiti 1.44 haibebi hata sekunde 17 za mono ya biti 16. Kuijaza MPC2000XL yenye memori kamili kunahitaji flopi 23, moja baada ya nyingine, ukisikiliza ile krrr-krrr. Mara mbili inachekesha.

Zipo pia flopi za aina mbili. MPC60 na SP-1200 zinataka zile za ujazo mdogo, zenye tundu moja tu kwenye kona. Zile za kawaida za kompyuta za miaka ya 1990 zina matundu mawili. Watu huziba tundu la pili kwa utepe na kudanganya mashine. Inafanya kazi siku hiyo. Usiiamini mwezi ujao.

Suluhisho linaloeleweka ni kung'oa draivu ya flopi na kuweka kifaa cha Gotek, kisanduku cha ukubwa uleule kinachosoma fleshi ya USB na kuiambia sampla kwamba yenyewe ni flopi. Ni cha bei ndogo, na programu ya bure iitwayo FlashFloppy inakifanya kielewe mashine nyingi. Kwa mashine zenye tundu la SCSI, la kuunganishia diski za nje, ambalo wenyewe hulitamka skazi, kuna vifaa kama SCSI2SD na ZuluSCSI vinavyotumia kadi ya SD. Kabla ya kulipia sampla, tafuta kwanza kama kuna aliyefanikiwa kufunga kifaa hicho kwenye modeli ileile, siyo ya jirani yake.

Kuna swali moja la kumwuliza muuzaji wa ASR-10 au kinanda kingine cha Ensoniq cha enzi hizo: diski ya mfumo ipo? Vinanda hivi havina mfumo ndani. Kila ukiwasha vinausoma kutoka kwenye diski, na bila hiyo umenunua meza yenye vibonye. MPC hazina ugonjwa huo.

Hatua ya 5: Kagua kama anayenunua gari la mkononi

Kama mashine iko mjini kwako, nenda na vipokea sauti, waya wa kuingizia sauti kutoka kwenye simu, na diski au kadi yako mwenyewe. Kama iko mbali, omba video ya mfululizo isiyokatwa katwa, inayoanza mashine ikiwa imezimwa. Muuzaji anayekataa video amekwisha kukujibu.

Sisitiza iwashwe ikiwa baridi, halafu ikae saa nzima. Kapasita zilizochoka hujificha mwanzoni, na hitilafu huja mashine ikipata joto: kioo kinafifia, mngurumo unaanza, au inajizima na kujiwasha.

Taa za skrini za Akai za zamani hufa polepole. Taka kuona kioo gizani, na utege sikio karibu. Ukisikia mlio mwembamba kama mbu, ni kile kipande kinachowasha taa ya kioo, na mlio huo unaweza kuingia kwenye rekodi. Kubadilisha skrini kunawezekana, ila kuna gharama, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Bonyeza kila kitufe mara kumi. Swichi ndogo za chini yake huchoka, ukibonyeza mara moja inahesabu mbili au haihesabu kabisa. Fundi yeyote mwenye mkono mzuri wa lehemu anazibadilisha, kwa hiyo hili ni la kupunguziwa bei tu. Zungusha lile gurudumu la namba polepole: likiruka kutoka 10 kwenda 14 kisha 9, nalo ni la kubadilishwa.

Pedi zinahitaji muda. Gonga kila moja kwa kidole kimoja, kutoka mguso wa kubembeleza hadi pigo, ukitazama namba ya nguvu kwenye kioo. Pedi iliyochoka haitoi kitu mpaka uipige kama unafukuza mtu. Dawa ya mtaani, ambayo nimeitumia, ni kufungua na kubandika tabaka moja au mawili ya utepe wa umeme chini ya mpira wa pedi ili ukaribiane na karatasi ya kuhisi. Inashangaza inavyosaidia. Ikishindikana, karatasi hizo na pedi mpya zinauzwa kwa MPC nyingi.

Kisha fanya kazi halisi. Rekodi kitu kupitia tundu la kushoto, kisha la kulia. Kisikilize kwenye kila tundu la kutokea, yote, hata kama huna mpango wa kuyatumia. Hifadhi. Zima. Washa. Pakia tena. Hatua hizi nne za mwisho ndizo wauzaji huziruka, na ndizo zinazoonyesha kama draivu iko hai. Angalia pia mashine inasema ina memori kiasi gani; tangazo lililosema imejazwa na kioo kinachosema megabaiti 2 haviwezi vyote kuwa kweli.

Ukiruhusiwa kufungua mfuniko, unatafuta kutu, betri iliyotoa majimaji na lehemu za vurugu. Mashine iliyoishi Mombasa, Zanzibar au Dar karibu na maji imevuta chumvi ya bahari kwa miaka, na kutu huanzia kwenye skurubu na matundu ya waya. Skurubu zenye kutu hazinitishi. Kutu kwenye ubao wenyewe inanifanya nirudishe mfuniko taratibu na kushukuru kwa chai.

Hatua ya 6: Umeme na safari

Tanzania tuna volti 230, Kenya na Uganda 240. Japani ni 100, Marekani 120. Mashine nyingi za enzi hizi zina transfoma ya ndani ya volti za nchi ilikouzwa tu, na kibandiko cha nyuma ndicho kinachosema ukweli. Omba picha yake kabla ya picha nyingine yoyote.

Mashine kutoka Uingereza inakuja na volti zetu na plagi yetu ya pini tatu bapa. Ndiyo maana mimi sasa natafuta huko kwanza, hata bei ikiwa juu kidogo. Ukinunua ya Japani au Marekani, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine, na uandike kwa maandishi makubwa juu ya plagi ili mtoto au mgeni asiichomeke ukutani kwa wema. Transfoma ya kushusha hadi 110, ile iliyozagaa madukani, inafaa kwa mashine ya Marekani. Ya Japani itafutie ya 100.

SP-303 na SP-404 hutumia adapta ya nje ya volti 9, na hapo kuna mtego mwingine: kwa Boss na Roland hasi iko katikati ya plagi, kinyume na adapta nyingi za Kariakoo. Plagi inaingia vizuri kabisa. Tazama ule mchoro mdogo wa duara kwenye adapta.

Kwenye bei ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT juu ya jumla yake: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Mwambie muuzaji aweke boksi ndani ya boksi, na atie kipande cha kadibodi kwenye mdomo wa draivu ya flopi ili kichwa chake kisigongwe njiani.

Jambo ambalo watengenezaji hawakuliandikia sura nzima kwenye kitabu cha maelekezo ni kukatika kwa umeme. Memori ya S950, MPC2000XL na hata MPC1000 husahau kila kitu umeme ukiondoka. Nunua UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kabla ya kununua pedi mpya za rangi.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Usipakie chochote cha mtandaoni. Jipe kipande kimoja cha santuri, kiki moja, snea moja, na swingi ya asilimia 58, ukae na hivyo siku saba. Ukiona siku ya nne unaukwepa ule mlima wa vitufe na kurudi kwenye kompyuta, mashine ikiwa bado haina mkwaruzo ndiyo wakati wa kuiuza.

Lakini kabla hujagonga hata pedi moja, siku ileile inapofika, andika kwenye daftari namba ya toleo la mfumo linalotokea kiooni inapowaka, piga picha ya ndani na ya kile kibandiko, kisha nakili diski zote ulizopewa. Nakala mbili. Moja ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine, mahali pasipo na joto wala spika.